Siku Moja ya Mwaka: Homoni, Mkojo na Uzazi wa Panda

Hotuba hii ilitolewa jioni moja mjini Malindi, mbele ya walimu wa sayansi, wafugaji na wanafunzi wa sekondari. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji, na maneno machache yaliyosemwa kwa ishara za mikono yamebidi kuelezwa kwa kalamu.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wafugaji mliotoka Ganda, Gede na Mambrui, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojaa hadi kwenye ngazi: asalaam alaykum, na habari za jioni.

Nilipotaja jambo nitakalolizungumzia, rafiki yangu mmoja aliniuliza panda wa China ana undugu gani na watu wa Malindi. Nilimjibu kwamba sisi ndio tulioanza kupelekeana wanyama. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika baraza la mfalme wa China wakiwa na twiga, na wenyeji wakamshangilia wakidhani ni qilin, yule mnyama wa baraka wa hadithi zao. Mwaka 2010 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua pale Mambrui sarafu ya shaba ya mfalme huyo huyo. Kwa hiyo nikisema habari za mnyama wao leo, tuhesabu kuwa ninarudisha salamu iliyochelewa miaka mia sita.

Jina lenyewe nalo limenitia mashakani. Kwa Kiswahili chetu dume humpanda jike, basi kila ninaposema habari za panda asiyepanda, watu hudhani ninatania. Sitanii. Kwa miongo mingi hilo ndilo lililokuwa tatizo la panda wanaofugwa, kwamba madume wengi hawakujua la kufanya wakikutanishwa na jike, na majike nao walikuwa tayari kwa muda mfupi mno hivi kwamba dume akisitasita asubuhi na mchana, fursa ilikuwa imepita.

Muda wenyewe ni mfupi kiasi gani? Panda jike hupevusha yai mara moja tu kwa mwaka, katika msimu unaoanza takriban Februari hadi Mei, na ndani ya msimu huo saa ambazo anaweza kushika mimba ni baina ya 24 na 72. Siku moja, mbili, tatu ukibahatika. Zikipita, tukutane mwakani.

Wafugaji hapa wanaelewa uchungu wa jambo hili kuliko mtu yeyote. Shangazi yangu wa Gede alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, jina lake Zawadi. Asubuhi moja alimkuta amelia usiku kucha, majani hakuyagusa, maziwa yamepungua kwa nusu, na ute mwangavu kama ute wa yai unaning'inia nyuma. Shangazi hakuhitaji maabara kumwambia kwamba ng'ombe ana joto. Alimpigia simu mtu wa mbegu papo hapo, kwa sababu kanuni anayoijua kila mfugaji ni kwamba joto ukiliona asubuhi, mbegu itiwe jioni ya siku hiyo. Yule bwana alifika siku ya tatu. Alimtia mbegu ng'ombe ambaye joto lilikwisha zamani, akapokea pesa zake, akaaga kwa adabu. Wiki tatu baadaye Zawadi akalia tena. Shangazi alipoteza siku 21 na fedha za mbegu, na nakwambieni mpaka leo jina la bwana yule halitajwi nyumbani kwake. Sasa fikirini kwamba badala ya siku 21 angengoja mwaka mzima, na kwamba ng'ombe wa aina ile duniani wanahesabika. Sensa ya nne ya panda wa mwituni, iliyokamilika mwaka 2014, ilihesabu 1,864, wote wakiwa katika milima ya mikoa ya Sichuan, Shaanxi na Gansu.

Ni kweli kwamba panda jike naye huonyesha dalili. Huacha kula kwa hamu, hutembea huku na huko, husugua nyuma yake kwenye mawe na kuta ili kuacha harufu, na hutoa sauti ya mlio kama wa mbuzi, ambayo mtu wa Malindi akiisikia gizani angeinuka kwenda kufunga zizi. Lakini dalili hizo zinaweza kuendelea kwa wiki moja au zaidi, na wewe unaitafuta siku moja ndani yake. Macho ya mtunzaji, hata awe na uzoefu wa miaka ishirini, hayawezi kuiona siku ambayo yai limetoka. Mkojo unaweza.

Mimi nimefanya kazi katika maabara za mifugo kwa miaka 19. Panda sijawahi kumshika. Nimemwona mara moja tu, nyuma ya kioo, akila mianzi na kunipa mgongo. Lakini sahani tunayotumia kupima homoni za ng'ombe ni ile ile wanayotumia wao, na kazi yake naijua kwa vidole vyangu, kwa hiyo niruhusuni nikae hapa kidogo.

Kwanza mkojo wenyewe. Huwezi kumdunga panda sindano kila asubuhi kumtoa damu. Kwanza atakuuma, pili hofu yenyewe itamharibia uzazi unaoutafuta. Basi watunzaji husafisha sakafu ya saruji vizuri, huisuuza maji mengi isibaki sabuni, huondoa majani yote, kisha hungoja. Mnyama akishakojoa na kusogezwa chumba cha pili, mtunzaji huinama na bomba la sindano lisilo na sindano, akafyonza kile kilichotuama katika kibonde cha sakafu. Mililita chache zinatosha. Hutiwa kwenye kichupa, huandikwa tarehe na saa, huwekwa kwenye friza. Kazi haina fahari hata kidogo, na ndiyo msingi wa kila kitu ninachokieleza leo.

Maabarani mkojo huo huingia kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, vidogo kuliko ncha ya kidole cha mtoto. Chini ya kila kishimo kumegandishwa kingamwili, yaani chembe za kukamata homoni tunayoitafuta na si nyingine. Sasa chukueni mfano wa matatu ya Watamu saa kumi na moja jioni. Viti ni vichache. Abiria wa kundi moja ni homoni zilizomo kwenye mkojo. Abiria wa kundi la pili ni homoni za maabara, zilizovalishwa kimeng'enya kinachoweza kutoa rangi. Wote wanagombea viti vile vile. Mkojo ukiwa na homoni nyingi, abiria wenye rangi hukosa nafasi, wanabaki stendi, na tukisuuza sahani wanaondoka na maji. Kwa hiyo kishimo kinachofifia ndicho chenye homoni nyingi, na kishimo chenye rangi kali ndicho kikavu. Wanafunzi wangu wapya hulisoma kinyume kila mwaka, na mimi nililisoma kinyume mwaka wangu wa kwanza.

Kuna hatua moja ambayo watu huisahau. Mkojo wa asubuhi ni mzito, na wa mnyama aliyekunywa maji mengi ni mwepesi kama chai ya mkopo. Ukipima homoni peke yake, hutajua kama imepungua kweli au imezimuliwa tu. Ndiyo maana hupimwa pia kreatinini, taka ya misuli ambayo mwili huitoa kwa kiasi kisichobadilika sana siku hadi siku, na homoni huandikwa kwa kulinganishwa nayo. Bila hesabu hiyo, grafu yote ni porojo.

Basi tuseme sampuli zimekusanywa kila siku. Estrojeni, homoni ya kike inayoleta joto, ambayo katika mkojo hutoka ikiwa imeshafungwa kwenye chembe nyingine ili iyeyuke majini, huanza chini kabisa, halafu hupanda kwa muda wa wiki moja hadi mbili, ikafika kileleni, kisha ghafla ikaporomoka. Kuporomoka huko ndiko habari yenyewe. Kilele hakijulikani kuwa kilele mpaka siku ya pili uone kimeshuka. Mtu anayetazama namba ya leo bila ya jana na juzi hana analolijua. Estrojeni ikishashuka, yai limetoka au linatoka, na simu huanza kulia: dume aletwe, au kama hataki, uhimilishaji, yaani kutia mbegu kwa mkono wa mtu, ufanyike ndani ya siku moja au mbili. Wakati huo sampuli hazipimwi mara moja kwa siku tena, hupimwa kila baada ya saa chache, na mtu wa maabara halali kwake.

Njia hii haikuzaliwa kwa siku moja. Panda wa kwanza kuzaliwa katika bustani ya wanyama alizaliwa Beijing mwaka 1963, kwa kupandana kwa kawaida, na wa kwanza wa uhimilishaji alizaliwa huko huko mwaka 1978. Mwaka 1982 Madrid ilipata mtoto kwa mbegu zilizotoka kwa dume aliyekuwa London. Mbegu siku hizi huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hivyo dume anaweza kuwa mbali au hata amekufa; kilichobaki kuwa kigumu ni kuijua saa.

Hapo ndipo ningependa kusema kwamba kazi imekwisha. Nusu iliyobaki, hata hivyo, ndiyo inayonitoa usingizi, nayo ni swali jepesi ambalo bibi yeyote wa Malindi angeliuliza asubuhi inayofuata: je, ameshika?

Kwa binadamu jibu linauzwa dukani. Mwanamke hununua kijiti kwenye duka la dawa, hukichovya katika mkojo, na mistari miwili ikitokea anajua. Kinachosomwa na kijiti ni homoni inayotolewa na mimba yenyewe, na kondo lililo changa kabisa. Mtoto ndiye anayepiga hodi. Kabla ya vijiti kulikuwa na chura. Katika miaka ya 1930, maabara za Cape Town zilionyesha kuwa chura fulani wa kusini mwa Afrika, akidungwa mkojo wa mwanamke mwenye mimba, hutaga mayai ndani ya siku moja, na vyura hao wakasafirishwa hospitali za dunia nzima. Huo ni mchango wa bara letu ambao vitabu vya shule huupita kimyakimya.

Kwa ng'ombe pia tuna hila zetu. Siku ya 21 hadi ya 24 baada ya kumtia mbegu, tunapima projesteroni, homoni inayotunza mimba, katika maziwa. Ikiwa iko chini, hana kitu, na mfugaji hahitaji kungoja miezi ndipo ajue. Zawadi alipotiwa mbegu kwa mara ya pili tulimpima hivyo, na shangazi alilala usingizi.

Panda hakubali hila yoyote kati ya hizo. Mimba yake haipigi hodi kwa homoni ambayo mtu ameigundua mpaka sasa. Na projesteroni yake ni msema uongo. Yai likishatoka, pale kwenye ovari hubaki kibonge cha manjano kinachotoa projesteroni, na kwa mwanamke asiyeshika mimba kibonge hicho hufa baada ya wiki mbili hivi, akaona siku zake. Kwa panda hakifi. Awe ameshika au hakushika, kibonge huishi kwa miezi. Projesteroni hupanda kidogo, hukaa hapo kwa wiki nyingi, halafu hupanda kwa mara ya pili, safari hii juu kabisa, kisha hushuka hadi chini. Na huyo asiye na kitu tumboni hufanya yote anayofanya mwenye mimba: hulala sana, hupoteza hamu ya mianzi, hujenga kiota, hubembeleza vitu mikononi kama mwana, na sehemu zake za siri huvimba. Hii ndiyo mimba ya uongo. Si ugonjwa na si kasoro. Ni mwendo wa kawaida wa mwili wa panda aliyepevusha yai asishike mimba.

Mwaka 2014 magazeti ya dunia yalimcheka panda mmoja wa Chengdu, Ai Hin, aliyekuwa akingojewa ajifungue mbele ya kamera, halafu ikabainika hana mimba. Iliandikwa kwamba alijifanya mjamzito ili apate chumba chenye hewa baridi na matunda ya ziada. Huenda mnyama akajua kuwa anaengwaengwa na akafurahia. Hata paka wangu anajua. Lakini hakuna mnyama awezaye kujitilia projesteroni kwenye mkojo wake kwa tamaa ya matunda, na nadhani kicheko kile kilimwonea.

Lipo fumbo jingine juu ya hilo. Yai likirutubishwa, kiinitete hukua kidogo, halafu husimama. Hakijishikizi kwenye mji wa mimba. Huelea humo kwa wiki nyingi, hata miezi, kama jahazi lililofika bandarini likakosa ruhusa ya kutia nanga. Ndiyo sababu tarehe ya kupandishwa haikwambii tarehe ya kuzaa. Panda aliyekuwa Washington, aitwaye Mei Xiang, alihimilishwa tarehe 26 na 27 Aprili mwaka 2015, akazaa tarehe 22 Agosti. Mwaka 2020 alihimilishwa tarehe 22 Machi, zaidi ya mwezi mmoja mapema, na akazaa tarehe 21 Agosti. Mama yule yule, mara ya kwanza siku kama 117, mara ya pili siku 152, na kalenda ya kujifungua ikapishana kwa siku moja tu. Mkunga wa kienyeji akiletewa hesabu hiyo angekataa kuja.

Hapa grafu inarudi kuwa na faida. Ule upandaji wa pili wa projesteroni, ukishaonekana, huwaambia watunzaji kwamba zimebaki siku 40 hadi 50 hivi kabla ya jambo kuisha. Hausemi jambo gani. Mwisho wake ama ni mtoto, ama ni hewa. Lakini angalau zamu za usiku hupangwa, kelele hupunguzwa, na milango ya wageni hufungwa.

Picha ya mawimbi ya sauti, ile ile wanayopigwa mama zetu kliniki, ingesaidia kama kijusi kingekuwa kikubwa. Mtoto wa panda huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, sawasawa na limau moja la wastani, wakati mama yake ana uzito wa mara 900 ya huo. Kijusi huanza kukua kwa haraka mwishoni kabisa, na matumbo yaliyojaa mianzi hukificha. Mwaka 2020 madaktari wa Mei Xiang waliona dalili ya kijusi tarehe 14 Agosti, yaani wiki moja kabla ya kuzaa, na hiyo ilikuwa kwa sababu jike lile limefundishwa kulala chali na kupakwa mafuta ya kipimo bila kugombana. Jike linalokataa halipimwi.

Watafiti hawakukaa bure. Mwaka 2011 wataalamu wa Memphis, Marekani, waliandika kuhusu seruloplasmini, protini inayobeba shaba katika damu, kwamba katika mkojo wa panda wenye mimba hupanda tangu wiki ya kwanza, na ikashuka wiki chache kabla ya kuzaa. Tatizo lake ni kwamba protini hiyo hupanda pia mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Baadaye ikatazamwa mabaki ya prostaglandini, kemikali nyingine ya mwili, katika mkojo, ambayo mwendo wake mwishoni hutofautisha mimba ya kweli na ya uongo kuliko projesteroni inavyoweza. Ni hatua kubwa, ila bado ni mistari ya kusomwa kwa pamoja. Kijiti cha dukani cha panda hakipo. Edinburgh walikaa na jike lao Tian Tian tangu Desemba 2011 hadi Desemba 2023, wakapima mkojo wake mwaka baada ya mwaka, naye akarudi China bila kuzaa huko Edinburgh hata mara moja.

Kijana mmoja pale nyuma ameniandikia karatasi akiuliza kama haya yana kazi kwetu. Yanayo. Amboseli homoni za nyani zimesomwa kwa miaka mingi katika kinyesi kilichookotwa chini, bila mnyama kuguswa, na pale Ol Pejeta wamebaki Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, wote majike, ambao tumaini la kizazi chao linategemea wataalamu kujua siku ya yai kwa usahihi huo huo. Panda amepumua kidogo. Mwaka 2016 alishushwa daraja katika orodha ya wanyama walio hatarini, na sifa kubwa hapo ni ya misitu iliyolindwa, si yetu watu wa vishimo.

Nimalizie kwa usiku wa tarehe 16 Septemba 2012. Mei Xiang alikuwa ameshapitia miaka kadhaa ya mimba za uongo mfululizo, na picha za mawimbi ya sauti hazikuonyesha kitu. Projesteroni ilishuka kama ilivyoshuka miaka yote. Wachache walikuwa bado wanatumaini. Kisha watu waliokuwa kwenye kamera wakasikia kelele nyembamba ambayo si ya mama, kelele kubwa kwa kiumbe cha gramu 100, na jike akainama kuokota kitu kwa mdomo. Mtoto yule aliishi wiki moja tu; mapafu yake hayakuwa yamekomaa. Mwaka uliofuata mama yake alipata mwingine, Bao Bao, aliyekua na kwenda China, akazaa huko.

Nimekuja na sahani moja ya vishimo 96 iliyokwishatumika, ya maziwa ya ng'ombe wa Ganda, rangi zake bado zinaonekana. Iko mezani hapa. Kabla sijawaambia ng'ombe yupi alikuwa na mimba, ningependa wanafunzi wasogee waisome wenyewe.